Jora Zima

Jina la Mama Zamu alipewa na wasimamizi wa kiwanda cha nguo, na hawakumpa kwa mapenzi. Walimpa kwa kuchoka naye. Alikuwa haumwi, hauguzi, hachelewi. King'ora kikilia yeye keshafunga kilemba, kasimama katikati ya mitambo yake ya kufumia, anawatazama wao kana kwamba waliochelewa ni wao. Wafumaji wengine waliangalia mitambo miwili, wakizidi sana mitatu. Yeye aliangalia minne, na asiyeamini shauri lake.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa na kelele isiyosimulika. Mitambo ikishawaka yote unaweza kupiga yowe kwenye sikio la mwenzako, naye asijue kama umepiga yowe au umepiga miayo. Kwa hiyo wanawake wa mle walisemeshana kwa midomo. Unafungua kinywa vizuri, unalifinyanga neno bila haraka, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi analipokea kwa macho. Umbea wote wa kiwanda ulipita njia hiyo. Posa zilipangwa, ugomvi ukaanza na kwisha, na msimamizi alitukanwa mbele ya pua yake huku akidhani anasalimiwa. Na walikuwa wakiimba. Waliimba kwa nguvu zao zote, kila mtu wimbo wake, kwa kuwa hakuna wa kumsikia mwenzake na kumcheka.

Kiwanda kilipofungwa, mitambo iking'olewa na kwenda kuuzwa kama chuma chakavu, wanawake wale walitoka na vitu viwili: midomo inayosema bila sauti, na masikio yaliyokwisha. Sauti ndogo zilimkimbia Mama Zamu taratibu. Walianza ndege, likafuata birika linalochemka, halafu manyunyu juu ya bati. Mwisho ukaenda muziki. Redio inaimba, yeye anaiona kama sanduku tu. Kwaya inaimba, yeye anaona midomo inafunguka kama ya samaki.

"Muziki wa siku hizi unanong'ona," alisema, "na mimi sinong'onezwi na mtu."

Habari ya kwamba shida ni masikio yake hakuitaka. Aliyemletea ushauri wa kifaa cha kuvaa sikioni alionyeshwa mlango.

Nyumbani alikaa na mjukuu wake, binti mrefu mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Waya alilelewa na bibi huyu tangu hajaota meno ya pili, kwa hiyo alikulia kwenye nyumba ya kusemeshana kwa midomo, akidhani nyumba zote ndivyo zilivyo. Sasa alikuwa mtu mzima. Mchana alitengeneza simu kwenye kibanda chake, jioni alipiga gitaa na kuimba kwenye bendi ya watu wanne. Wenzake walikuwa fundi pikipiki aliyepiga dramu, seremala aliyepiga besi, na dada yake seremala mwenye gitaa la pili. Walipiga roki, tena si ile roki ya kutabasamu. Wenyewe waliiita roki mbadala. Bi Pamba, shoga yake Mama Zamu tangu kiwandani, alisema mbadala huo ni wa usingizi, maana ukiisikia hulali tena.

Kwa mwaka na zaidi wanne hao walijifungia kwenye karakana ya seremala wakitengeneza albamu. Mama Zamu hakuuliza. Alijua mtu akiwa kazini hasemeshwi.

Jioni moja Waya akarudi, akakaa mezani, chakula akawa anakitazama tu.

"Mke mwenzangu," Mama Zamu akamwambia, "umenuna nini? Mume amekusemesha vibaya?" Mume waliyemchangia katika utani huo alikuwa babu yake Waya, marehemu wa siku nyingi.

Waya akafungua kinywa kwa upana, kama anavyosema na bibi yake. "Tumepeleka albamu redioni. Wakasema ni ndefu na maneno hayasikiki. Tumeipeleka kwa mwenye ukumbi, naye kasema hivyo hivyo. Anataka nyimbo nne fupi. Gitaa lishuke, sauti ipande. Tukikubali atatupa jukwaa Jumamosi tuizindue."

"Mkasemaje?"

"Tumekubali kuikata."

Mama Zamu akaweka kijiko chini. "Mimi nimeisikia hiyo albamu?"

"Bibi, wewe husikii hata mlango ukigongwa."

"Mlango una lipi la maana la kuniambia? Lete hiyo albamu."

Waya akaburuta spika yake kubwa kutoka uvunguni, lile boksi la mbao lenye kona zilizochubuka, akaliweka sakafuni mbele ya kiti cha bibi. Mama Zamu akavua ndala na kuweka nyayo zake juu ya ubao. Kiwandani ndivyo walivyosikiliza mitambo, kwa nyayo. Mtambo ukiumwa, mguu hujua kabla ya jicho.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha kitu kikaanza kupanda kutoka mbali, chembamba, kikapanda, kikawa kirefu na kikali, na mwili wa Mama Zamu ukainuka nusu kitini kabla yeye hajauamuru. Kilikuwa king'ora. Kilikuwa gitaa, lakini kilikuwa king'ora. Besi ikaingia chini kama mtambo wa kwanza unavyoamshwa. Gitaa la pili likafuata, mtambo mwingine. Dramu zikashika mwendo, tatataka-taka, na ukumbi mzima ukawaka.

Na yeye akausikia. Si kwa nyayo peke yake. Ulimwingia kifuani, ukapanda shingoni, ukafika kule kwenye masikio ambako kwa miaka hakujafika mgeni, ukagonga na kufunguliwa. Mama Zamu akakaza taya, akashika mikono ya kiti. Hakulia. Yeye si mtu wa kulia. Lakini alikuwa na wimbo mzima ndani yake, na alikuwa amekwisha kuzoea kwamba hatapata tena.

Albamu ile ilikuwa siku moja ya kiwanda, tangu king'ora cha alfajiri mpaka mitambo kuzimwa. Nyimbo zilishikana mikono, huu ukiisha ule umekwisha kuanza, hakuna pa kuchomeka kisu. Palikuwa na wimbo wa mavumbi ya pamba, gitaa linaelea tu juu kama manyoya, halina pa kutua. Palikuwa na wimbo wa mapumziko ya mchana, ambao ulikuwa karibu kimya, na hapo Mama Zamu alisikia kimya chenyewe, kwa sababu kilikuja baada ya kishindo. Katikati ukakaa wimbo mrefu kuliko zote, unaozunguka pale pale, unaongeza uzito kila ukizunguka. Waya alikaa mbele yake anamtengenezea maneno kwa midomo: *Uzi umekatika, funga, endelea. Uzi umekatika, funga, endelea.*

"Hayo maneno yangu," akasema Mama Zamu.

"Yako."

"Umeyachukua bila kuomba."

"Ulikuwa unayasema kila siku, Bibi. Nimeyaokota sakafuni."

"Umeyaokota vizuri. Rudisha mwanzo."

Wakairudisha. Jirani wa ukuta wa pili akaja kugonga mlango, na kwa kuwa mlango hauna la maana, hakufunguliwa. Safari ya pili Mama Zamu alitoa makosa, maana asingekuwa yeye.

"Ule wimbo wa mitambo yote, mmoja unachechemea. Mwambie huyo fundi pikipiki wako."

"Huo ni ule mtambo wako wa nne. Si ulinisimulia kwamba ulikuwa unachechemea?"

Mama Zamu akafikiri. "Ni kweli ulikuwa unachechemea," akasema. "Uache. Na sauti yako, mbona umeizamisha? Nikiweka mguu naiona iko chini kabisa."

"Makusudi. Nyinyi mlikuwa mkiimba mle ndani na hakuna aliyewasikia. Nataka mtu aitafute sauti humo kwenye kelele mpaka aipate. Ikikaa juu itakuwa wimbo wa mtu mwingine."

"Basi unaikata ya nini?"

Waya akazima spika.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Jora likiwa mtamboni hukatwa likishafika mwisho. Ukilikata katikati hujapata majora mawili. Umepata vitambaa vya kupangusia meza. Kesho tunakwenda kwa huyo mwanamume."

Mwenye ukumbi alikuwa mtu wa makamo aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliwapokea nyuma ya jukwaa, ambako fundi mitambo wake wa sauti alikuwa akikunja nyaya. Mama Zamu hakukaa.

"Mjukuu wangu atapiga albamu yote," akasema, "kama ilivyo."

"Mama yangu, watu watakimbia," akasema mwenye ukumbi. "Dakika ishirini tu watakuwa nje wananunua maji." Kisha akageuza uso kwa fundi mitambo na kunong'ona, "Huyu bibi atanimalizia siku."

"Siku yako haijaanza nitaimalizaje," akasema Mama Zamu. "Na ukitaka kunisengenya geuka vizuri, hapo midomo yako naiona yote."

Fundi mitambo akainama kwenye nyaya zake, mabega yakitikisika. Mwenye ukumbi akavua miwani. Mwisho wakaelewana hivi: albamu itapigwa nzima, Jumamosi alasiri. Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na muziki wake wa dansi baada yao. Ukumbi ukianza kumwagika watu, yeye mwenyewe atakwenda kwenye swichi kubwa, atawazima, ataweka vitu vyake, na bendi hiyo haitakanyaga tena jukwaa lake. Mjini hapo hapakuwa na jukwaa lingine la watu wenye magitaa.

Njiani Waya akasimama. "Bibi, umeniuza."

"Nimekupangisha. Ukiuzwa utajua."

"Na usiniletee watu wa kunihurumia. Sitaki makofi ya msibani."

"Nitakuletea wafumaji," akasema Mama Zamu. "Tafuta mwenye huruma pale, ukimpata unionyeshe."

Bi Pamba ndiye aliyezunguka kuwakusanya, na Jumamosi wakaja, wazee wa mikongojo na wasiotaka mikongojo, wakajaza mstari wa mbele wote. Nyuma yao walikaa vijana, wengi kiasi, simu mkononi. Mama Zamu akavua ndala. Wenzake walipomwona, viatu vyote vya mstari wa mbele vikatoka, na nyayo zikakaa juu ya mbao za sakafu.

King'ora kilipopanda, mgongo wa kila mwanamke pale mbele ulinyooka. Mmoja aligusa kichwani kutafuta kilemba. Mama Zamu akatazama huku na huku, akaona wenzake wanavyousikia, akajua kwamba hakuwa amejidanganya. Bi Pamba alikuwa ameshika kifua kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Lakini vijana si wafumaji. Wimbo wa kwanza waliupenda, wa pili wakaanza kutazamana, wa mavumbi ya pamba wakatazama simu. Ulipoingia ule mrefu wa katikati, unazunguka, unazunguka, wa nyuma wakaanza kuinuka. Mwenye ukumbi akashuka polepole kwenye ngazi, akasimama ukutani penye swichi kubwa, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri basi.

Mama Zamu akamwona. Akamgeukia Bi Pamba, kwa midomo: "Anataka kuzima."

Bi Pamba kwa midomo: "Akizima nitamkalia."

Hapo ndipo maikrofoni ya Waya ilipokufa. Waligundua kuwa waya wa maikrofoni umechomoka mahali fulani chini ya jukwaa, lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule fundi mitambo alikuwa akizungusha vitufe vyake jasho linamtoka, na Waya anaimba hasikiki hata na yeye mwenyewe. Akamtazama fundi. Fundi akafungua viganja: sina la kufanya. Magitaa yananguruma, hakuna sauti ya mtu humo ndani, na mlango wa nyuma umekwisha kufunguliwa. Mwenye ukumbi akatoa mkono mmoja mgongoni na kuuweka kwenye swichi.

Sasa, wanawake wa mstari wa mbele hawakujua lolote kuhusu maikrofoni. Wangejuaje? Tangu mwanzo walikuwa hawamsikii Waya, walikuwa wanamsoma. Midomo yake inacheza, basi kwao anaimba. Na maneno yalikuwa ya nyumbani kwao, yale yale ambayo kila mmoja aliyasema kila siku ya maisha yake ya kazi. Mama Zamu akaanza kumfuatiliza kimoyomoyo: uzi umekatika, funga, endelea. Ila mfumaji hana kimoyomoyo. Mfumaji akianza kuimba huku nyayo zimeshika mtambo, koo hufunguka lenyewe mpaka mwisho. Bi Pamba akaona midomo ya shoga yake, akaingia. Wa pembeni akamwona Bi Pamba. Ikashika mstari wote, kila mtu kwa nguvu zake zote, kila mtu kwa ufunguo wake, na hakuna aliyejisikia wala kumsikia mwenzake.

Ukumbi uliwasikia. Kutoka ndani ya magitaa ilitoka sauti ya wanawake wengi, ya kukwaruza, imechelewa nusu hatua nyuma ya dramu kama mwangwi wa ukuta mrefu, inasema uzi umekatika, funga, endelea. Vijana waliofika mlangoni wakageuka. Walidhani imepangwa hivyo. Mmoja alitoa simu, akairudisha mfukoni, akarudi mbele asimame aone vizuri.

Waya naye akaona midomo ile, akaelewa. Sauti aliyoizamisha kwa mwaka mzima ilikuwa imekuja yenyewe, na ilikuwa ya wenyewe. Akarudi nyuma hatua kutoka kwenye maikrofoni iliyokufa, akaacha kabisa kutoa sauti. Akafungua kinywa kwa upana, kama mezani nyumbani, akawa anawapa wanawake maneno kwa midomo mitupu, nao wanayapokea na kuyatupa juu. Fundi pikipiki alipoona hivyo alizipiga dramu kama mtu anayefukuza deni. Safari ya mwisho ya mzunguko, vijana wote nyuma walikuwa wanaimba pia, na wao walikuwa na masikio yao kamili.

Mkono wa mwenye ukumbi ulikuwa bado juu ya swichi. Alikuwa ameusahau pale.

Mama Zamu aliona watu wanawatazama wao badala ya jukwaa. Akadhani ni vilemba.

Ukafuata wimbo wa mwisho. Siku ile ya kufunga kiwanda, mitambo ilizimwa mmoja mmoja, na wafumaji walisimama kando wakisubiri zamu ya mtambo wao kunyamaza. Hakuna aliyesema neno, kwa sauti wala kwa midomo. Waya aliwahi kusimuliwa mara moja tu. Sasa dramu zikaacha. Likaacha gitaa la pili. Besi ikabaki chini ya nyayo, ikaendelea, ikaendelea, ikawa nyembamba, nayo ikaacha. Gitaa la Waya likashika noti moja na kuiachia ijifie.

Mbao zikanyamaza chini ya miguu ya Mama Zamu. Alikijua kimya kile. Aliwahi kutoka nacho kwenye geti la kiwanda, akakibeba mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo kilikuwa hakijamtoka. Akakaa nacho, mikono magotini, akingoja kimwambie kama kawaida kwamba imekwisha.

Mbao zikaanza kutetemeka. Kidogo kwanza, halafu kwa nguvu, kutoka nyuma, kutoka pembeni, mpaka vifundo vya miguu vikatikisika. Akageuka. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, unakanyaga sakafu, mikono juu. Hakuna aliyetoka. Waliokuwa nje wananunua maji walikuwa wamerudi nayo.

Mama Zamu akasimama naye, peku, akanyoosha kilemba. Akatazama jukwaani, akamwambia mjukuu wake kwa midomo, pole pole ili asikosee hata herufi: "Hilo ndilo jora."

Waya akaangua kilio mbele za watu. Yeye hakurithi taya za bibi yake.

Baadaye fundi mitambo akaja kujieleza, ana waya uliochomoka mkononi. Akasema maikrofoni ilikufa katikati ya ule wimbo mrefu, kwamba Waya hakusikika kabisa, kwamba sauti iliyosikika ukumbi mzima ilikuwa yao wao, mabibi, peke yao.

Wanawake wakatazamana. Bi Pamba akaziba mdomo kwa mkono.

"Nilijua," akasema Mama Zamu.

"Hukujua," akasema Bi Pamba kwa midomo.

"Nilijua. Kwani angeimba nani mwingine?"

Mwenye ukumbi alikuwa nyuma yao, miwani yake mfukoni. Akamzunguka Mama Zamu mpaka akawa mbele yake, akafungua kinywa kwa upana, vibaya, kama mtu anayepimwa meno, lakini alijitahidi. Akasema anawaomba tena Jumamosi ijayo, albamu nzima, asiguse mtu hata noti moja. Na mstari wa mbele atauacha wazi kwa ajili ya mabibi, kama watakubali.

Waya alimtazama bibi yake. Bendi nzima ilimtazama. Mama Zamu alikuwa anatafuta ndala zake chini ya kiti kwa ncha ya mguu, bila kuinama, na hakufanya haraka mpaka zote mbili zikapatikana.

"Tutakuja," akasema. "Wewe niambie tu zamu inaanza saa ngapi, na usichelewe."